Kasi ipo, kinachotukwamisha ni foleni

Oktoba 1986, mawasiliano ya kompyuta kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yalidorora ghafla. Sehemu hizo mbili zilitenganishwa na mita zipatazo 365 tu. Njia iliyozoea kupitisha biti 32,000 kwa sekunde ilishuka hadi biti 40. Kwa mwendo huo, mtu angechukua ukurasa mmoja wa maandishi, akaukunja mfukoni na kuupeleka kwa miguu, akafika kabla kompyuta haijamaliza kuutuma.

Waya haukukatika, wala hapakuwa na mashine iliyoharibika. Kila kompyuta ilikuwa ikitimiza wajibu wake kama ilivyoagizwa, na hapo ndipo penye shida. Agizo lilisema: ukituma pakiti ya data usipopata jibu kwa wakati, itume tena. Pakiti nyingi hazikuwa zimepotea, zilikuwa zimepanga foleni ndani ya ruta zikisubiri zamu. Kompyuta zikadhani zimepotea, zikatuma nakala. Nakala nazo zikajipanga, foleni ikarefuka, majibu yakachelewa zaidi, nakala zikaongezeka. Mwishowe njia ilijaa pomoni, lakini sehemu kubwa ya kilichopita ilikuwa marudio ya kitu kilichokwisha kutumwa. John Nagle, mhandisi wa kampuni ya Ford Aerospace, alikuwa ameonya juu ya maangamizi ya aina hiyo tangu Januari 1984. Watu wachache walimsikiliza.

Nimekwenda mbali hivyo, karibu miaka 40 nyuma, kwa sababu kisa cha Berkeley kinagusa jambo tunaloliishi kila usiku Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala. Video inazunguka. Sauti ya simu ya WhatsApp inakatikakatika. Mtoto anashindwa kuwasilisha kazi ya shule huku kaka yake akipakia video chumba cha pili. Jibu letu la kwanza ni kununua bando kubwa zaidi, au kumpigia mtoa huduma na kudai megabiti nyingi zaidi. Wakati mwingine megabiti kweli hazitoshi. Lakini mara nyingi mno upana wa njia upo, na kinachoharibu huduma ni foleni iliyoachwa irefuke bila usimamizi. Hilo ndilo jambo ambalo matangazo ya kasi hayatuambii, na ndilo ambalo wateja tungepaswa kulidai.

Hesabu ya foleni ni ya zamani kuliko intaneti. Mwaka 1909, Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Kampuni ya Simu ya Copenhagen, alianza kuchapisha hesabu za namna simu zinavyoingia bila mpangilio kwenye mitambo, na laini ngapi zinahitajika ili watu wasikose huduma. Hesabu zilizokua kutokana na kazi ya aina hiyo zinatufundisha jambo linaloshangaza kila anayelikuta mara ya kwanza: foleni haikui sambamba na mzigo. Chukua njia moja ya data ambamo pakiti huingia kwa nasibu. Ikitumika kwa asilimia 50, muda wa wastani wa pakiti kupita ni mara 2 ya muda ambao ingetumia njia ikiwa tupu. Ikitumika kwa asilimia 90, unakuwa mara 10. Kwa asilimia 95, mara 20. Kwa asilimia 99, mara 100. Mtandao uliokwenda vizuri mchana kutwa unaweza basi kuporomoka jioni kwa sababu ya ongezeko dogo tu la watumiaji. Mtoa huduma anayejisifu kwamba mtambo wake umetumika karibu wote anasema, bila kujua, kwamba wateja wake wanasubiri.

Faiba ya nyumbani ni mfano mzuri. Teknolojia iliyoenea sana ya kufikisha faiba majumbani, GPON, hubeba takribani gigabiti 2.5 kwa sekunde kuelekea kwa wateja na nusu yake kurudi. Uzi huo mmoja hugawanywa kwa nyumba 32, mara nyingi 64. Nyumba 64 zikiuziwa megabiti 100 kila moja, jumla ya ahadi ni megabiti 6,400 kwenye njia ya takribani 2,500. Sioni wizi hapo. Kugawana ndiko kunakofanya bei ivumilike, na saa nne asubuhi nyumba nyingi hazitumii kitu. Ila saa tatu usiku, mechi ikiwa hewani na kila sebule ikiwa na televisheni ya intaneti, ahadi zote hudaiwa kwa wakati mmoja. Mteja ana haki ya kuambiwa mapema anagawana na wangapi, na nchi zetu zingekuwa zimepiga hatua kubwa kama namba hiyo ingeandikwa kwenye mkataba kando ya namba ya kasi.

Turudi Berkeley, maana dawa ilipatikana hukohuko. Van Jacobson wa maabara hiyo, akisaidiana na Michael Karels wa chuo kikuu, aliandika upya tabia ya TCP, itifaki inayosimamia mazungumzo mengi ya kompyuta, na mwaka 1988 akachapisha kazi yake. Kompyuta inayoanza kutuma haijui njia ina upana gani. Basi ianze na pakiti chache, na kila majibu yakirudi salama iongeze kiasi mara mbili. Ikishakaribia ukomo, iongeze pakiti moja tu kwa kila mzunguko. Pakiti ikipotea, ichukulie kwamba njia imejaa, ipunguze mwendo kwa nusu, kisha ianze kupanda tena polepole. Mwaka uliofuata, Dah-Ming Chiu na Raj Jain walionyesha kihisabati kwamba kupanda kidogokidogo na kushuka kwa mkupuo huwasogeza wote wanaotumia njia moja kuelekea mgawo ulio sawa.

Mimi jambo hili hunigusa kila ninapolitafakari. Hakuna serikali iliyopitisha sheria ya kuzitaka kompyuta zipunguze mwendo. Hakuna askari anayesimama njiani. Kila simu mfukoni mwa kila mtu, Kigoma hadi Muscat, imefundishwa kurudi nyuma inapohisi wengine wamebanwa. Intaneti nzima imesimama juu ya ustahimilivu huo wa hiari, na imedumu.

Lakini ustahimilivu unahitaji habari. Kwa utaratibu huo wa Jacobson, kompyuta hupunguza mwendo pale tu inapogundua kuwa pakiti imepotea, kwa hiyo ruta iliyoelemewa inayotupa pakiti moja haifanyi kosa. Inatuma ujumbe. Miaka ya 2000 ujumbe huo ulianza kuzuiwa, tena kwa nia njema. Bei ya hifadhi za kielektroniki ilishuka, watengenezaji wa modemu na ruta wakaona ni ubora kuweka hifadhi kubwa za muda ili pakiti hata moja isitupwe. Matokeo yake yakawa kama ya mtu anayelalamika kwamba bomba lake jembamba linatoa maji polepole, fundi akamletea simtanki kubwa zaidi: bomba ni lilelile, ila sasa tone linaloingia juu linakaa ndani muda mrefu zaidi kabla ya kutoka chini.

Piga hesabu mwenyewe. Modemu yenye hifadhi ya muda ya megabaiti 1, kwenye laini inayopakia kwa megabiti 1 kwa sekunde, ikijaa inahitaji sekunde 8 kumaliza foleni yake. Mtu mmoja nyumbani akipakia picha, neno la "haloo" la mwenzake aliye kwenye simu ya video litasimama nyuma ya picha zile kwa sekunde 8. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili mazungumzo yawe ya kawaida. Sekunde 8 ni zaidi ya mara 50 ya hapo. Na kipimo cha kasi kikifanywa wakati huohuo kinaweza kusema laini ni nzima, kwa sababu megabiti 1 inapita kweli kama ilivyoahidiwa.

Mwaka 2010, Jim Gettys, mhandisi wa Bell Labs aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa mfumo wa madirisha wa X, aliona intaneti ya nyumbani kwake ikizorota kila aliponakili mafaili makubwa. Alipopima, akakuta ucheleweshaji unaozidi sekunde moja kwenye laini ambayo ikiwa tulivu ilijibu haraka. Alipochunguza vifaa vingine alikuta hifadhi zilizovimba kila mahali: kwenye modemu, kwenye Wi-Fi, kwenye mifumo ya uendeshaji, kwenye mitandao ya simu. Akaanza kuandika na kuhutubia kuhusu jambo hilo, na wahandisi wengi wakakiri kwamba walikuwa wameliona kwa miaka bila kulitambua.

Kujua ugonjwa hakukutosha. Sally Floyd na Van Jacobson walikuwa wamependekeza tangu 1993 kwamba ruta ianze kutupa pakiti chache kwa kubahatisha kabla foleni haijajaa, ili watumaji waarifiwe mapema. Wazo lilikuwa sahihi, lakini liliwataka wahandisi wachague viwango vinavyofaa kila laini, na wengi waliogopa kukosea wakaliacha limezimwa. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Jacobson walikuja na njia iliyoondoa kazi hiyo ya kubahatisha viwango. Walisema: usiangalie foleni ina urefu gani, angalia pakiti imekaa humo muda gani. Foleni inayojaa kwa kufumba na kufumbua kisha ikatoweka haina madhara. Foleni ambayo kwa milisekunde 100 mfululizo haijashuka chini ya milisekunde 5 za kusubiri, hiyo ni mbaya, anza kutupa. Utaratibu huo unaitwa CoDel.

Eric Dumazet, Dave Täht na wenzao wakauongezea mgawanyo. Badala ya foleni moja, ruta huwa na nyingi, kwa kawaida 1,024, na kila mazungumzo huelekezwa kwenye ya kwake. Simu ya sauti, yenye pakiti ndogo zinazokuja moja moja, haisimami tena nyuma ya filamu. Inapita pembeni, filamu inaendelea bila kugundua lolote. CoDel na nduguye huyo waliingia kwenye kiini cha Linux Julai 2012, bure kwa yeyote anayetaka. Täht, aliyefariki mwaka 2025, alitumia miaka mingi akiwasihi watengenezaji na watoa huduma wautumie, na kazi yake imewanufaisha watu wengi ambao hawatajua jina lake.

Kuna njia nyingine ya kudhibiti msongamano, nayo ni kuwachagua wa kubanwa. Mwaka 2007 wateja wa Comcast, kampuni kubwa ya Marekani, waligundua kwamba mawasiliano yao ya BitTorrent yalikuwa yakikatwa kwa ujumbe wa kughushi, uliojifanya umetoka kwa mwenzao wa upande wa pili. Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliagiza Agosti 2008 tabia hiyo ikome. Mahakama ilikuja kuibatilisha amri hiyo mwaka 2010 kwa hoja za mamlaka ya kisheria, lakini kufikia hapo kampuni ilikuwa imebadili utaratibu, na utaratibu mpya ndio ninaoona unafaa kusomwa na mamlaka zetu. Haukuuliza mteja anatumia programu gani. Uliangalia kwanza kama sehemu husika ya mtandao imekaribia kujaa kwa dakika 15. Kama ndiyo, wateja waliokuwa wakitumia zaidi ya asilimia 70 ya kasi yao kwa muda huo waliwekwa daraja la chini, wakisubiri pale tu panapokuwa na msongamano, hadi matumizi yao yashuke chini ya asilimia 50. Njia ikifunguka, hakuna aliyebanwa.

Linganisha na desturi ya kumshushia mteja kasi kwa sababu tu amevuka kiasi fulani cha gigabaiti katika mwezi. Anayepakua mafaili saa tisa usiku, mtandao ukiwa mtupu, hamcheleweshi mtu. Kumbana tarehe 20 saa hiyohiyo ya usiku hakupunguzi foleni ya jioni hata kidogo. Kunalinda mpango wa bei, na mtoa huduma ana haki ya kuwa na mpango wa bei, lakini auite hivyo.

Kwetu Afrika Mashariki msongamano una sura ya ziada, nayo ni umbali. Kabla ya SEACOM kuwasha mkongo wake Julai 2009, ikafuatiwa na TEAMS na EASSy, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na dunia ilipita kwenye satelaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka mara moja hula karibu robo sekunde. Barua pepe ya mteja wa kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni jirani ilipanda satelaiti, ikatua Marekani au Ulaya, ikapanda tena na kurudi Nairobi. Nusu sekunde kwenda, nusu sekunde jibu, na kila biti ikilipiwa dola mara mbili, huku ikisongamana na data ambazo kweli zilikuwa na safari ya ng'ambo.

Watoa huduma wa Kenya waliona upuuzi huo, na mwishoni mwa mwaka 2000 wakafungua kituo cha pamoja cha kubadilishana data, KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na mdhibiti akaamuru kituo kifungwe ndani ya muda mfupi. Ilichukua zaidi ya mwaka wa mabishano hadi kilipofunguliwa tena kwa leseni Februari 2002. Tanzania ilipata kituo chake, TIX, jijini Dar es Salaam mwaka 2004. Kwa mujibu wa ripoti ya Internet Society ya mwaka 2020, mwaka 2012 kama asilimia 30 tu ya trafiki ya intaneti ya Kenya ilipatikana ndani ya nchi, na kufikia 2020 ilikuwa asilimia 70. Kampuni kubwa za video na mitandao ya kijamii zimeweka seva zenye nakala karibu na watumiaji, na kituo cha kubadilishana data ndicho kinachowafikia wote kwa gharama ndogo. Kwa maoni yangu, hakuna hatua ya kudhibiti msongamano iliyoleta faida kubwa hivyo kwa fedha kidogo hivyo katika ukanda huu.

Thamani ya kuwa na data karibu huonekana siku mkongo unapokatika. Februari 2012, meli iliyotia nanga eneo lililokatazwa karibu na bandari ya Mombasa ilikata TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM ziliharibika kwa pamoja baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Siku kama hizo trafiki yote hujazana kwenye njia zilizobaki, na hapo ndipo usimamizi wa foleni unapotenganisha mtandao unaosuasua na mtandao uliokufa. Njia ikibaki robo, ruta zenye foleni fupi na mgawo wa haki bado zitapitisha ujumbe, malipo ya simu na sauti. Filamu zitashuka ubora. Machi 2020, watu wa Ulaya walipofungiwa majumbani na korona, Netflix ilikubali ombi la Umoja wa Ulaya ikapunguza kiwango cha data za video zake kwa siku 30, ikisema hatua hiyo ingepunguza trafiki yake kwa kama asilimia 25. Makubaliano ya namna hiyo yanaweza kuandikwa mapema kati ya mamlaka zetu na kampuni za video, yasisubiri siku ya maafa.

Kwenye simu za mkononi, ambako wengi wetu tunapata intaneti, foleni kubwa hukaa mnarani. Nguvu ya mawimbi hubadilika kila anapotembea mtu, hivyo mnara huwekewa hifadhi kubwa ili usipoteze data mawimbi yanapofifia kidogo. Utaratibu wa BBR, uliotolewa na Google mwaka 2016, unaweza kusaidia hapo, kwa kuwa hausubiri pakiti ipotee. Hupima njia inapitisha kiasi gani na muda mfupi kabisa wa kwenda na kurudi ni upi, kisha hujitahidi kutuma kwa kiwango hichohicho bila kujaza foleni.

Nyumbani, msomaji anaweza kujua hali yake leo. Tovuti ya Fast.com inayomilikiwa na Netflix, ukibonyeza sehemu ya maelezo zaidi, huonyesha muda wa kusubiri mtandao ukiwa mtupu na ukiwa na mzigo. Programu ya Speedtest nayo huonyesha muda huo wakati wa kupakua na wa kupakia. Pima usiku. Ikiwa namba ni milisekunde 30 mtandao ukiwa mtupu na 60 ukiwa na mzigo, foleni yako inasimamiwa vizuri. Ikiruka hadi 800 au 1,000, kununua kasi zaidi kutaipunguza kwa muda, lakini hifadhi iliyovimba itabaki palepale. Baadhi ya ruta, hasa zinazotumia programu huria ya OpenWrt, zina mpangilio wa kusimamia foleni kwa CoDel na jamaa zake. Mpangilio huo huwekwa chini kidogo ya kasi halisi ya laini, tuseme asilimia 90, ili foleni ijengeke kwenye ruta yako inayojua kuisimamia badala ya modemu isiyojua. Unatoa sehemu ya kumi ya kasi, unapata nyumba ambayo watu watano wanaweza kutumia mtandao kwa pamoja.

Lakini si haki kumwachia mama wa nyumbani Temeke kazi ya fundi mitambo. TCRA ya Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hutoa takwimu za sekta kila robo mwaka. Ningependa kuona humo, kwa kila mtoa huduma na kwa kila mkoa au kaunti, muda wa kusubiri uliopimwa kati ya saa mbili na saa nne usiku laini ikiwa na mzigo, ukiwekwa ukurasa mmoja na kasi. Ningependa pia masharti ya kuidhinisha vifaa yadai kwamba kila modemu na ruta inayoingia nchini kuuzwa kwa wateja wa majumbani iwe na usimamizi wa foleni uliowashwa tangu kiwandani. Programu hiyo ni ya bure, na imekuwapo tangu 2012.